Mizani, Stakabadhi na Simu

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, lililopigwa chapa kwa wasomaji

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mtu ana karatasi hii na kalamu. Atakayeshindwa na neno, na amwulize jirani yake. Kuuliza si aibu.

Somo letu la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kuuza. Tutazungumza juu ya watu wa Mwanza na wa ukingo wa Ziwa Victoria, jinsi walivyojifunza kuuza mali yao, tangu siku za mizani ya pamba mpaka siku hizi za kuuza kwa simu na intaneti.

Labda mtauliza: "Sisi tunataka kujua kuuza dagaa kwa simu. Pamba ya zamani yatuhusu nini?" Swali hilo ni zuri, nami nitalijibu kwa mfano.

Tuseme yuko mama mmoja, mwuza dagaa katika mwalo wa Kirumba, pale Mwanza. Amenunua simu ya kupangusa. Mwanawe amemfundisha kupiga picha ya dagaa na kuituma mbali. Siku ya tatu anapigiwa simu na mtu wa Dodoma asiyemjua. Mtu huyo anataka magunia 5, tena leo leo. Anasema amekwisha kutuma fedha, na kweli ujumbe unaingia katika simu ya mama, umeandikwa kiasi cha fedha na jina. Mama anafurahi. Anapeleka magunia stendi ya mabasi ya Nyegezi, yanapakiwa, gari linaondoka. Jioni anatazama salio lake. Hakuna kitu! Ule ujumbe haukutoka katika kampuni ya simu. Aliuandika mwizi mwenyewe kwa mkono wake.

Mama huyu alijua kusoma herufi. Aliusoma ujumbe, tena vizuri. Lakini hakujua kuuhakiki. Basi andikeni maneno haya juu ya karatasi zenu, maana ndiyo kiini cha somo: CHOMBO HAKIMLINDI ASIYEJUA KUKISOMA.

Jambo hili si jipya. Lilianza zamani, mbele ya mizani.

MIZANI YA PAMBA

Wajerumani walijenga boma lao Mwanza mwaka 1892. Mwaka 1901 reli iliyotoka Mombasa ilifika ukingo wa ziwa, mahali tupaitapo leo Kisumu, na meli zikaanza kuchukua mizigo ya upande wetu na kuipeleka huko. Mwaka 1928 reli ya Tabora nayo ikafika Mwanza. Hivyo mali ya Usukuma ikapata njia mbili za kwenda baharini. Na mali iliyokuja kuwa kubwa kuliko zote ilikuwa pamba.

Mnajua kazi ya pamba. Mtu analima, anapanda, anapalilia, anachuma. Kisha nyumba nzima inakaa chini kuichagua: pamba safi huku, na fifi huku, yaani ile iliyochafuka au iliyoharibiwa na wadudu. Baada ya kazi hiyo ya miezi mingi, mkulima alijitwika mzigo wake akaenda kwa mnunuzi. Wengi wa wanunuzi wakati ule walikuwa wafanyabiashara wenye asili ya Uhindi, waliopewa leseni na serikali ya kikoloni. Miongoni mwao walikuwapo watu waaminifu. Lakini biashara yenyewe ilikuwa na kasoro kubwa. Mwenye mizani ndiye aliyekuwa mnunuzi. Ndiye aliyeisoma mizani, ndiye aliyeandika, na ndiye aliyelipa. Mkulima alisimama tu akitazama mshale unaotikisika.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme mkulima ameleta mizigo 10, na kila mzigo una uzito wa ratili 50. Wakati ule watu walipima kwa ratili, si kwa kilo. Karani anasoma ratili 48 kwa kila mzigo. Ratili 2 si kitu, mtu aweza kusema. Lakini ratili 2 mara mizigo 10 ni ratili 20. Tuseme bei ni senti 50 kwa ratili. Mkulima amepoteza shilingi 10 kwa siku moja. Tena hakuibiwa usiku. Aliibiwa mchana, amesimama hapo hapo, na akasema ahsante.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa Usukuma na wa Ukerewe walichoka na mambo hayo. Walifanya nini? Hawakuchoma maduka. Waliweka mizani yao wenyewe. Walichanga fedha kidogo kidogo, wakaweka watu wao wa kupima. Mkulima alipima kwanza kwa mtu wake, akaujua uzito wa mali yake, ndipo akaenda kwa mnunuzi. Sasa karani akisema 48, mkulima aliweza kusema: "La, bwana, ni 50."

Tazameni vizuri jambo hili. Pamba ilikuwa ile ile, mnunuzi yule yule, na njia ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mwuzaji alikuja sokoni akiwa anajua.

MIZANI YETU WENYEWE

Katika kazi hiyo alikuwapo kijana mmoja, jina lake Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925. Alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika wa Mwanza, akaanza kuwakusanya wakulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa. Alijua kwamba mizani peke yake haitoshi. Mkulima akiujua uzito wa pamba yake, lakini hana mwingine wa kumwuzia, bado yumo mkononi mwa mnunuzi. Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao kikuu cha kahawa, KNCU, tangu mwaka 1933. Kwa nini wakulima wa pamba wasiwe na chao?

Lakini angalieni mwendo wake. Hakukimbilia kufungua chama kikubwa mara moja. Mwaka 1953 alikwenda Loughborough, Uingereza, kusoma mambo ya ushirika. Alirudi, na mwaka 1955 vyama vya wakulima vikaungana kuwa shirikisho moja, ambalo kwa kifupi liliitwa VFCU. Shirikisho lilinunua pamba ya wakulima, likajipatia viwanda vyake vya kuchambulia, na kabla ya miaka ile ya 1950 kwisha lilikuwa likishika karibu pamba yote ya Jimbo la Ziwa. Likahesabiwa miongoni mwa mashirika makubwa kabisa ya ushirika katika Afrika. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka 1962 Bwana Bomani akawa Waziri wa Fedha.

Hadithi hii ingekuwa nzuri sana kama ingeishia hapo. Lakini historia haiishii mahali tunapopenda.

Vyama vilizidi kuwa vingi, upesi kuliko watu wa kuviendesha. Chuo cha Ushirika cha Moshi kilifunguliwa mwaka 1963, lakini makarani waliofundishwa walikuwa bado wachache. Mizani sasa ilikuwa yetu, karani alikuwa ndugu yetu, na stakabadhi ilikuwa na jina la chama chetu. Hata hivyo wakulima walianza kunung'unika tena: uzito haukuwa sawa, fedha zilichelewa, makato hayakueleweka. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati ya kuchunguza vyama vya ushirika nchini. Kamati haikusema kwamba ushirika ni mbaya. Ilisema, pamoja na mambo mengine, kwamba watumishi wenye ujuzi walikuwa haba, na kwamba wanachama wengi hawakuelewa mambo ya chama chao. Mwaka 1967 serikali ikaingilia kati uendeshaji wa shirikisho la pamba, na baadaye likaitwa Chama Kikuu cha Ushirika cha Nyanza.

Someni tena maneno ya kamati: wanachama hawakuelewa. Mtu asiyejua kusoma stakabadhi aliweza kupunjwa na mgeni, na aliweza kupunjwa na mjomba wake pia. Kubadili mwenye mizani hakukutosha. Ilipasa kila mwanachama ajue kuisoma.

DARASA LILILOKUJA MWANZA

Kwa hiyo si ajabu kwamba elimu ya watu wazima ilianza kwa nguvu katika sehemu hizi hizi. Mwaka 1968 serikali, ikisaidiwa na UNESCO, yaani shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, ilianza mpango wa majaribio katika mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao leo ni Kagera. Makao yake yalikuwa Mwanza. Mpango ule uliitwa kisomo chenye manufaa. Maana yake, mtu hakufundishwa a, e, i, o, u peke yake. Vitabu vyake vya kusomea vilizungumza juu ya pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi na kazi za nyumbani. Mkulima alijifunza kusoma kwa neno "pamba", na katika somo lile lile akajifunza kuilima na kuipima.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu karibu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, kama ninyi mlivyoketi sasa. Watu waliojua kusoma walipata gazeti lao lililochapishwa Mwanza, liitwalo Elimu Haina Mwisho. Hesabu za serikali za mwaka 1975 zilionyesha kwamba katika kila watu wazima 100, wasiojua kusoma walikuwa 39. Mwaka 1986 walikuwa kama 10 tu.

Elimu ile ilikuwa akiba, maana mambo ya soko hayakutulia. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika. Mwaka 1984 Nyanza ikarudishwa. Mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa tena kununua pamba. Kila mara mkulima alikuta mbele yake mnunuzi mwingine, karatasi nyingine, desturi nyingine. Aliyejua kusoma alisumbuka, lakini alijua mahali pa kutazama. Hata leo, mkimwona mnunuzi wa viazi au mpunga akishindilia gunia mpaka liwe na kilemba, ile tunayoiita lumbesa, jueni kwamba ni ndugu wa mizani ile ya zamani. Ndiyo maana nchi yetu ina Wakala wa Vipimo, iliyoundwa mwaka 2002.

JINA LA SAMAKI

Sasa tutoke shambani twende ziwani. Mpaka hapa tumezungumza juu ya uzito na bei. Yako jambo la tatu katika kuuza, nalo ni jina.

Sangara si samaki wa asili wa ziwa letu. Alitiwa humo tangu miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amezaana sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, na samaki wetu wakaanza kuliwa Ulaya. Fedha ziliingia mialoni. Watu walijenga nyumba, wakanunua mashine za mitumbwi.

Ndipo mwezi Januari 1998 Umoja wa Ulaya ukazuia samaki wabichi wa Afrika Mashariki, kwa kuhofia kipindupindu. Zuio likaondolewa baada ya miezi. Mwaka 1999 likaja jingine, safari hii kwa sababu ya habari kwamba baadhi ya watu ziwani walikuwa wakivua kwa sumu.

Fikirini habari ya mvuvi wa Ukerewe au wa Sengerema, ambaye hajatia sumu majini hata siku moja. Samaki wake ni mzuri, ni mbichi, anang'aa. Lakini huko mbali anakokwenda samaki yule, hakuna anayemjua mvuvi. Wanajua jina la ziwa tu, na jina limechafuka.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ni kweli pale mnunuzi anapoweza kuona na kugusa. Lakini mnunuzi akiwa mbali, kizuri hakiwezi kujiuza. Chahitaji shahidi. Soko la Ulaya lilipofunguliwa tena, halikufunguliwa kwa maneno matamu. Lilifunguliwa kwa ukaguzi: maji safi viwandani, barafu, karatasi za kuonyesha samaki ametoka wapi, na maabara ya kupima samaki, kama ile ya Nyegezi. Hao ndio mashahidi. Nami nataka mkumbuke jambo hili tutakapofika kwenye simu, kwa kuwa katika simu mnunuzi wako yuko mbali siku zote.

SIMU MKONONI

Simu za mkononi zilianza kuingia nchini katika miaka ya 1990, zikawa za matajiri kwanza. Mwaka 2008 ilianza huduma ya kutuma fedha kwa simu, M-Pesa, ambayo Wakenya walikuwa wameianza mwaka 2007. Mwaka 2009 waya mkubwa wa intaneti uliopita chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, na baada ya hapo intaneti ikawa ya haraka na bei yake ikaanza kushuka. Basi ndani ya miaka michache tu, mwuza dagaa wa Kirumba akawa na soko, benki na gazeti katika mfuko mmoja wa gauni.

Nimesema gazeti. Je, mwajua blogu ni nini? Ni kama daftari ambalo mwenyewe ameliweka wazi katika intaneti, ili kila mtu alisome. Ukurasa mpya hukaa juu, na wa zamani hukaa chini. Ndesanjo Macha alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili. Naye Issa Michuzi, aliyekuwa mpiga picha wa gazeti, alianza blogu yake mwaka 2005. Watanzania wengi, na hasa walio ng'ambo, waliizoea. Kwa nini waliizoea? Hakukuwa na uchawi. Kila siku walikuta picha mpya na habari za nyumbani, kwa lugha yao. Mtu akikuta duka limefungwa mara tatu, hatarudi mara ya nne. Blogu ni hivyo hivyo, na ukurasa wa picha wa mfanyabiashara ni hivyo hivyo.

Lakini msidhani kwamba kuandika katika intaneti hakuna gharama wala sheria. Mwaka 2018 zilitoka kanuni za maudhui ya mtandaoni. Wenye blogu walitakiwa kupata leseni, nayo ilikuwa shilingi 1,000,000, na ada ya shilingi 1,000,000 kwa mwaka, mbali na shilingi 100,000 za maombi. Blogu kadhaa zilifungwa kwa sababu hiyo. Kanuni hizo zimebadilishwa mara kadhaa tangu wakati huo. Kwa hiyo atakayetaka kufungua blogu ya habari na aulize kwanza TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, asisikilize maneno ya kijiweni.

JINSI YA KUUZA KWA MTU ALIYE MBALI

Sasa tumrudie yule mama wa Kirumba. Tumsaidie kwa mambo tuliyojifunza katika historia.

Kwanza, uzito. Asiandike "gunia kubwa". Aandike kilo. Apige picha ya gunia likiwa juu ya mizani, na tarakimu zionekane. Wakulima wa 1952 wangeifurahia picha hiyo.

Pili, ubora. Pamba ilikuwa na safi na fifi. Dagaa pia wana madaraja. Waliokaushwa juu ya chanja si sawa na waliokaushwa mchangani. Apige picha karibu, mchana, bila kuficha. Kama wako waliovunjika, aseme. Mteja aliyeambiwa ukweli kabla ya kununua hatalalamika baada ya kununua.

Tatu, bei. Aiandike. Wako wafanyabiashara wanaosema "bei njoo pembeni". Mnunuzi hupita tu. Bei iliyofichwa hufanya mtu afikiri anataka kupunjwa. Pia aandike kama nauli ya mzigo imo katika bei au haimo.

Nne, jina. Atumie jina moja na namba moja siku zote. Mteja akisifu, amwombe ruhusa aweke maneno yake pale ukurasani. Huyo ni shahidi. Na mama asichukue picha za dagaa wa mtu mwingine na kuzitangaza kama zake. Mzigo utakapofika, ukweli utafunguka pamoja na gunia.

Tano, ratiba. Wavuvi wa dagaa hutoka na taa zao usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Basi mama naye aweze kuwaambia wateja wake: "Wiki hii hakuna mzigo, mwezi umejaa. Mzigo mpya ni tarehe fulani." Kutangaza ni pia kumwambia mtu ukweli kwamba leo huna.

Sita, fedha. Ujumbe wa kusema "umepokea" si fedha. Fedha ni salio. Kabla ya kupakia mzigo, atazame salio lake yeye mwenyewe, au aende kwa wakala. Akipigiwa simu na mtu anayemharakisha, na asimame. Mwizi siku zote ana haraka. Namba ya siri asimpe mtu, hata akijiita mtumishi wa kampuni ya simu. Na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", tunaoujua sote, aufute.

Saba, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari. Hebu tufanye hesabu ya mwisho. Tuseme mama amenunua kilo 40 za dagaa kwa shilingi 6,000 kila kilo. Hizo ni shilingi 240,000. Nauli ya mzigo ni 30,000. Gunia na ushuru ni 10,000. Bando la intaneti ni 5,000. Jumla yake ni shilingi 285,000. Akiuza kilo zote 40 kwa shilingi 8,000, atapata 320,000, na faida ni 35,000. Lakini ikiwa kilo 2 zimesagika njiani, atauza kilo 38 tu, apate 304,000. Faida imeshuka mpaka 19,000. Mtu asiye na daftari hataiona tofauti hiyo. Atasema tu, "Biashara ya simu siku hizi si nzuri." Kumbe biashara ni nzuri, bali gunia ni bovu.

Ndugu zangu, wako vijana watakaowaambia kwamba kuuza kwa intaneti ni elimu ngumu ya wasomi. Wako na wengine, hatari zaidi, watakaowaambia kwamba ni utajiri wa bure, mradi mwalipe kwanza kiingilio. Msiwaamini wote wawili. Kupiga picha na kuandika tangazo, mwaweza kujifunza kwa mtoto wa jirani katika siku mbili. Lakini kupima kwa haki, kuandika bei, kutunza jina, kuhakiki fedha na kuweka daftari, hayo ni mambo ambayo watu wa ukingo huu wa ziwa wamejifunza kwa gharama kubwa kwa muda wa miaka mingi. Mzee aliyewahi kusimama mbele ya mizani ya pamba anaweza asijue kufungua simu ya kupangusa, lakini ana jambo la kumfundisha mjukuu wake. Na mjukuu ana la kumfundisha babu. Wakae pamoja.

KAZI YA DARASA

Mwalimu, sasa gawa darasa katika vikundi vya watu 4 au 5. Kila kikundi kijibu maswali haya.

1. Kwa nini wakulima waliweka mizani yao wenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1950?

2. Mizani ilipokuwa ya chama chao, kwa nini baadhi ya wakulima waliendelea kunung'unika?

3. Mvuvi mwaminifu alipata hasara gani mwaka 1999, na ni nini kilichosaidia kurudisha jina la samaki?

4. Andikeni tangazo la kitu mnachouza, kwa maneno yasiyozidi 30. Lazima liwe na uzito au kipimo, ubora, bei, mahali na siku ya kupatikana. Kisha mpe mtu wa kikundi kingine alisome. Akiuliza swali hata moja, tangazo halijakamilika. Liandikeni tena.

5. Mwenye simu katika kikundi awaonyeshe wenzake jinsi ya kutazama salio. Asiwaonyeshe namba yake ya siri.

Na yule mama wa Kirumba? Tuseme kesho mtu mwingine wa mbali anampigia simu, anataka magunia 5, tena leo leo, na ujumbe unaingia. Mama anausoma. Kisha anaweka gunia chini, anatazama salio lake, na kumjibu kwa upole: "Baba, fedha haijafika. Ikifika, mzigo utapanda gari." Amefanya kitu kile kile walichofanya wakulima waliosema, "La, bwana, ni 50."

Juma lijalo tutazungumza juu ya kukopa na kulipa. Njooni na madaftari yenu. Kwaherini.